Pete Inapwaya, Pete Inabana: Masonara Wawajibu Wasomaji

Barua za safari hii zimeelemea upande mmoja: pete. Nyingine zinapwaya, nyingine zinabana, na moja imekatika. Tulizipeleka kwa masonara wetu, nao wakaomba jambo moja lieleweke kwanza. Wanapotaja namba ya pete wanatumia hesabu ya Kimarekani. Ukipanda namba moja nzima, mzingo wa ndani unaongezeka takriban milimita 2.55, na kipenyo milimita 0.8. Hesabu hiyo itarudi mara kadhaa hapa chini.

Nimepungua mwili na pete yangu ya ndoa inazunguka kidoleni. Juzi nusura itumbukie kwenye sinki. Ni dhahabu tupu, haina jiwe, ndani imegongwa 750. Sonara anasema ataikata kutoka namba 9 hadi 7. Nitajuaje kwamba hatabaki na dhahabu yangu? (Mama wa wawili, Morogoro)

Mama, tuanze na mizani, maana ndiyo hasa unayoiulizia. Mhuri wa 750 maana yake ni karati 18: katika kila sehemu 1,000, dhahabu ni 750 na zilizobaki ni metali nyingine kama fedha na shaba. Kushuka namba mbili ni kuondoa kipande cha urefu wa milimita 5.1. Tuseme pete yako ina upana wa milimita 3 na unene wa 1.5. Kipande hicho kitakuwa na uzito wa gramu 0.35 hivi. Pete nzima ya vipimo hivyo ina gramu 4.5, kwa hiyo irudi ikiwa na gramu 4.1 au pungufu kidogo sana, kwa sababu msumeno, tupa na kung'arisha navyo hula sehemu chache za mia za gramu. Ikirudi na 3.7, uliza.

Basi ipimwe mbele yako kabla haijaguswa, uzito uandikwe kwenye risiti kwa desimali mbili, na umwambie fundi kwamba kipande kilichokatwa unakitaka. Kisipotajwa mapema, mafundi wengine hukihesabu kuwa sehemu ya ujira wao, na hapo ndipo ugomvi huanzia. Hata ukiamua kumwachia, mwachie ukijua ni gramu ngapi na bei ya dhahabu siku hiyo ni ngapi.

Kazi yenyewe, ili ujue unacholipia, huenda hivi. Fundi anatafuta kwanza kiungo cha zamani, kama kipo. Pete nyingi zimeshawahi kulehemiwa mahali fulani, na ukiipasha moto kidogo mstari wa kiungo hujitokeza kwa rangi tofauti. Akikata palepale na kuuondoa pamoja na kile kipande, pete inabaki na kiungo kimoja. Akikata kwingine itakuwa na viwili, na kila kiungo ni mahali pa kuvunjikia. Mwonyeshe pia mhuri na maandishi yaliyochongwa ndani. Jina la mumeo na tarehe ya harusi vikiwa ndani ya zile milimita tano, vitaondoka navyo.

Baada ya kukata kwa msumeno mwembamba, ncha mbili husogezwa kwa koleo mpaka zikutane na kusukumana zenyewe kwa nguvu ya metali ya pete. Hapa ndipo fundi mzuri anapojulikana. Ncha hutiwa tupa mpaka ukiinua pete kwenye mwanga usione hata mstari wa nuru katikati. Lehemu inaunganisha nyuso zinazogusana. Ukiitegemea izibe pengo itaziba kwa macho tu, na baada ya miezi michache pete itafunguka palepale.

Kisha hupakwa boraksi, ili hewa isiunguze metali na lehemu iteleze vizuri, na kipande kidogo cha lehemu kinawekwa juu ya kiungo. Lehemu iwe ya karati 18 na rangi ileile ya pete, na iwe ile ngumu, inayoyeyuka kwa joto kubwa. Moto unaelekezwa kwenye pete yote. Lehemu hukimbilia penye joto, hivyo anayeichoma lehemu peke yake huiona ikijiviringa kama shanga na kukaa juu ya kiungo bila kuingia. Zaidi ya hapo, pete yenyewe haiko mbali na kuyeyuka, na nafasi ya kukosea ni ndogo.

Ikipoa hutumbukizwa kwenye asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, sehemu moja kwa kumi za maji, iondoe weusi na kioo cha boraksi. Asidi humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Kibano kiwe cha shaba au plastiki. Cha chuma kikiingia humo, pete hutoka imepakwa wekundu wa shaba. Baada ya hapo pete huviringwa upya kwenye chuma cha kupimia, ile fimbo yenye namba za pete, kwa nyundo ya mbao au ngozi, hutiwa tupa, msasa kuanzia wa 400 kwenda kwenye laini zaidi, kisha hung'arishwa. Na ipimwe tena mwishoni, kwa sababu msasa wa ndani nao unaipanua kidogo. Pete isiyo na jiwe ni kazi ya saa moja au mbili, kwa hiyo ukitaka kukaa kwenye benchi ukasubiri, inawezekana.

Pete ya marehemu mama ni ya karati 22. Ilinibana, fundi akaipanua kwenye mashine bila kuikata, akasema ndiyo njia ya kuokoa dhahabu. Wiki tatu baadaye imepasuka kwa chini. Kosa la nani? (Msomaji wa Mombasa)

Pole kwa pete ya mama, dada. Mashine ya kupanua haiongezi dhahabu, inaivuta ileile. Pete ikirefuka, lazima iwe nyembamba. Pete ya umri huo kwa kawaida imeshalika upande wa kiganja, ndiko inakosuguana na mpini wa sufuria, ndoo na usukani. Mashine inavuta zaidi palipo pembamba zaidi, na kama pana kiungo cha zamani ndipo hapo panapoachia.

Sisi tunakubali kupanua kwa kuvuta pale tu pete ikiwa haina jiwe, ina unene sawa pande zote, na haiendi zaidi ya nusu namba. Hata hapo hupashwa moto kwanza ili ilainike. Yako haikufaa, na fundi angeliona hilo kwa kuishika kwa kipimo cha unene.

Kabla ya kuirudisha kwa yeyote, itazame kwa lenzi ya kukuza mara 10. Mpasuko wa mstari ulionyooka ni kiungo kilichofunguka, yaani lehemu haikuingia vizuri. Vitobo vidogo vidogo kama ngozi ya chungwa vinaonyesha palipata moto kupita kiasi. Ukiona rangi ya kijivu iliyofifia kwenye mpasuko, jihadhari: huenda kuna mtu alishawahi kuiziba kwa lehemu ya risasi, ile ya mafundi redio. Risasi ikikutana na dhahabu kwenye moto hupenya na kuila, na pete hutoka na matundu. Lazima ikwanguliwe yote kabla bomba la moto halijawashwa. Fundi akiambiwa mapema atashukuru.

Tiba ya pete yako kwa maoni yetu ni kubadilisha nusu ya chini. Ikiwa chini pamebaki pungufu ya milimita moja, kuchomeka kipande kidogo hakusaidii, kwa sababu kitakuwa kinene katikati ya vipande viwili vilivyochoka. Sehemu iliyolika hukatwa, huwekwa dhahabu mpya yenye mhuri wa 916, yaani karati 22, upana na unene sawa na ule wa juu, na viungo viwili vikae ubavuni. Dhahabu inayoongezwa utalipia kwa gramu, ufundi ni hesabu nyingine. Sharti viandikwe mbalimbali kwenye risiti. Usikubali kipande cha karati 18 kwenye pete ya 22. Rangi itatofautiana, na siku ukienda kuuza, mnunuzi ataipima yote kwa karati ya chini.

Swali dogo uliloweka mwishoni, kuhusu herufi KDM zilizo ndani: zinamaanisha kwamba ilitengenezwa kwa lehemu yenye kadmiamu, iliyotumika sana India. Kuivaa si tatizo. Moshi wake wakati wa kuyeyuka ni sumu kwa fundi, basi mtajie naye afungue dirisha.

Pete ya uchumba ina tanzanaiti katikati na almasi ndogo pembeni, dhahabu nyeupe. Nataka iongezwe namba moja. Sonara wa kwanza amesema moto hauna shida kwa tanzanaiti kwa kuwa "hata mgodini huwa wanaichoma". Kweli? (A.M., Arusha)

Nusu ya kweli, nayo ni nusu ya hatari. Tanzanaiti, iliyojulikana tangu 1967 huko Mirerani, mara nyingi hutoka ardhini ikiwa na rangi ya kahawia, na bluu yake hupatikana kwa kuipasha joto la nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi. Lakini joto hilo huwa la tanuri, linapanda polepole, linazunguka jiwe lote kwa usawa na kushuka polepole. Mwali wa gesi unapasha upande mmoja kwa sekunde chache wakati upande wa pili bado ni baridi, na jiwe hupasuka kwa tofauti hiyo. Pete ikitumbukizwa majini ikiwa bado ya moto, ndiyo kabisa.

Kwa hiyo jibu letu ni moja: tanzanaiti itoke kwanza. Kucha zinazoishika zinainuliwa, jiwe linawekwa kwenye kikaratasi, kazi ya moto inafanywa, jiwe linarudi. Kucha zikiwa zimelika, hazitavumilia kukunjuliwa na kukunjwa tena; zitahitaji kujengwa upya, na gharama hiyo iulizwe kabla. Njia ya pili ni leza, ambayo hupasha nukta ndogo sana na inaweza kulehemu chini ya pete jiwe likiwa mahali pake. Kama mjini kwenu yupo mwenye mashine hiyo, kwa pete kama hii inafaa kumlipa zaidi.

Almasi huvumilia moto wa sonara, ila ipakwe asidi ya boriki kwanza, la sivyo uso wake unaweza kupata ukungu mweupe ambao hauondoki kwa kusugua. Yakuti nayo huvumilia kwa kiasi. Zumaridi, opali, feruzi, lulu, marijani na kaharabu hazikaribii mwali kabisa. Zumaridi nyingi zimejazwa mafuta kwenye nyufa zake, na moto huyachemsha.

Mambo matatu baada ya kazi. Dhahabu nyeupe hupata umanjano pale ilipopigwa tupa, hivyo ichovywe upya rodiamu, metali nyeupe inayoipa mng'aro wake. Uliza kama imo kwenye bei. Pete ikipanuliwa, kichwa chake hunyooka kidogo na vile vito vya pembeni vinaweza kulegea, basi ishike karibu na sikio uigonge kwa ukucha. Ukisikia mlio mdogo wa kucheza, irudishe hapohapo. Na fundi asiioshe kwenye mashine ya mawimbi ya sauti wala kwa mvuke. Tanzanaiti ina ugumu wa 6 hadi 7 tu na ina tabia ya kupasuka kwa mstari; maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki laini vinatosha.

Kabla hujaiacha dukani, piga picha za karibu, hesabu almasi, na utazame tanzanaiti kwa lenzi pamoja na fundi. Alama yoyote iliyoko ndani ya jiwe iandikwe. Itawalinda nyote wawili.

Pete ya tungsteni inaweza kupunguzwa? (Msomaji, Dodoma)

Haiwezi. Ni ngumu kuliko tupa ya fundi, na ukiipiga nyundo inavunjika kama kigae. Badilisha kwa aliyekuuzia. Pete zilizochovywa dhahabu tu juu nazo hazifai, maana mwali unaunguza ile ngozi ya juu. Pete iliyozungukwa vito pande zote haina mahali pa kukata. Wengi hulazimika kutengeneza nyingine.

Nataka kumposa mwenzangu mwezi ujao na sijui namba ya kidole chake. Nikimpima akiwa amelala kwa uzi, itatosha? (Kijana wa Mwanza)

Uzi unanyumbulika, na mkono wa aliyelala hautulii. Ukikosea milimita moja kwenye mzingo umekosea karibu nusu namba. Chukua pete anayoivaa kidole hichohicho, mkono huohuo, kwa kuwa mkono anaotumia zaidi kwa kawaida ni mnene kidogo. Mpelekee sonara aisukume kwenye chuma cha kupimia, au pima kipenyo cha ndani kwa venia, kile kipimo chenye taya: milimita 16.5 ni namba 6, 17.3 ni namba 7, na 18.1 ni namba 8. Ukiagiza Uingereza, namba 7 inakaa kati ya herufi N na O; kwa hesabu ya mzingo inayotumika Ulaya ni 54.

Angalia na upana. Pete ya kuazima ikiwa nyembamba na utakayonunua ina milimita 6 au zaidi, ongeza robo hadi nusu namba, kwani mkanda mpana hugusa nyama nyingi zaidi. Ikitokea umpime waziwazi, fanya jioni, akiwa ametulia, mkono usiwe wa baridi wala wa jasho. Kidole cha saa sita mchana Mwanza na kidole cha alfajiri Njombe vinaweza kutofautiana nusu namba kwa mtu mmoja. Mjamzito asipimwe kwa pete ya kudumu. Asubiri miezi kadhaa baada ya kujifungua.

Ukiwa na wasiwasi, nunua kubwa kidogo. Kupunguza ni rahisi na hakuhitaji dhahabu ya kuongeza. Chagua pia muundo ambao upande wa chini hauna vito, usije ukajifungia mlango.

Shikamooni. Viungo vya vidole vimevimba kwa baridi yabisi. Pete ikipita kwenye fundo la kidole, ikifika chini inazunguka na jiwe linaelekea kiganjani. (Bibi, Unguja)

Marahaba, na tunakurudishia shikamoo, Bibi. Tatizo lako halitatuliwi kwa namba. Pete ipimwe kwa ukubwa wa fundo ili ipite bila maumivu, kisha ndani yake, upande wa kiganja, zilehemiwe shanga mbili ndogo za dhahabu. Zinapita kwenye fundo kwa kuizungusha pete kidogo, na chini zinaishika isigeuke. Ziwe laini na za mviringo, zisikwaruze ngozi. Kwa anayevimba na kupungua kila wiki kuna pete za bawaba, zinazofunguka kama bangili, lakini hizo ni ghali na bawaba yake inataka kuangaliwa kila mwaka.

Pete yangu ya fedha ina akiki kubwa, nimerithi kwa babu. Inanibana. Sonara anataka kuichoma bila kutoa jiwe, eti atalifunika kitambaa chenye maji. (Msomaji wa Lamu)

Usimruhusu, kaka. Fedha hupitisha joto haraka kuliko metali zote za sonara. Huwezi kupasha chini ya pete juu kukabaki baridi, kitambaa au bila kitambaa. Akiki hubadilika rangi na kupasuka, na mara nyingi chini yake pamejazwa gundi au utomvu unaoyeyuka mapema sana. Ukingo wa fedha unaolizunguka jiwe ufunguliwe taratibu kwa ncha butu, kidogo kidogo ukizunguka pande zote, maana ukiukunja mahali pamoja unapasuka. Pete ikiwa nene na inahitaji robo namba tu, kugonga kwa nyundo kwenye chuma cha kupimia upande wa chini kunaweza kutosha bila moto.

Fedha ya 925, yaani sehemu 925 za fedha katika kila 1,000, ikichomwa huacha kivuli cha zambarau kijivu kisichotoka kwenye asidi, ambacho huondolewa kwa msasa. Babu yako kama aliiacha na weusi wake kwenye nakshi, mwambie fundi asiung'arishe wote. Wengi huusugua wakidhani ni uchafu.

Pete imekwama na kidole kimevimba. Nifanye nini kabla ya kukimbilia fundi? (Ujumbe wa simu, Nairobi)

Kidole kikiwa cha buluu, baridi au kimekufa ganzi, nenda hospitali sasa hivi. Kikiwa na rangi yake, inua mkono juu ya kichwa dakika tano hadi kumi, ukiweka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kisha paka mafuta ya nazi au sabuni, uizungushe pete huku ukiisukuma ngozi nyuma. Usiivute moja kwa moja.

Ikigoma, chukua uzi wa kusafishia meno. Pitisha ncha chini ya pete kuelekea kiganjani, kisha uviringe uzi kidoleni kuanzia kwenye pete hadi upite fundo, mizunguko ikae karibu karibu. Shika ile ncha ya upande wa kiganja uifungue taratibu kuelekea ukuchani. Pete itafuata uzi. Inauma, lakini kwa kawaida inafika.

Ikishindikana, dhahabu na fedha hukatwa kwa kisu kidogo cha gurudumu chenye ulimi unaoingia kati ya pete na ngozi. Omba ikatwe mahali pamoja tu, upande wa kiganja, mbali na jiwe. Sonara ataiunga na kuiongeza namba kwa kazi moja. Tungsteni haikatwi. Hubanwa kwa koleo linalojifunga, linakazwa kidogo kidogo mpaka pete ipasuke, macho yakiwa yamefunikwa.